Mbwa Mwenye Adabu ni Heshima ya Mwenyewe

Katika nchi ya pwani, toka Mtwapa mpaka Mambrui, na kuelekea bara hata Ganze, Bamba na Marafa, ni vigumu kuuona mji wa mkulima usiokuwa na mbwa. Mkulima wa mahindi na mihogo ana maadui wengi: mchana nyani na tumbili, usiku nguruwe mwitu. Mwenye mbuzi naye amcha fisi na mwivi. Mtu mmoja hawezi kulima mchana kutwa na kukesha usiku kucha, kwa hiyo zamu ya usiku amemwachia mbwa. Masikio ya mbwa ni makali kupita ya mwanadamu, pua yake haina mfano, na mshahara wake ni makombo ya sima na vichwa vya samaki.

Lakini mlinzi huyu amekuwa pia chanzo cha magomvi. Watu wamezidi, na viwanja vya Malindi, Watamu na mji wa Kilifi vimegawanywa vidogo vidogo hata nyumba zapakana ukuta kwa ukuta. Mbwa ambaye zamani angalibweka katika shamba la minazi pasipo kusikiwa na mtu, sasa abweka chini ya dirisha la jirani. Na jirani huyo labda ni mvuvi aamkaye saa kumi ya alfajiri, au ni karani mwenye kazi ya hesabu asubuhi, au ni mama mwenye mtoto mgonjwa ambaye ndiyo kwanza amepata usingizi. Maneno huanza uani, yakaenda kwa mzee wa mtaa, yakafika kwa Chifu. Na pengine hayafiki kokote: mwenye mbwa huamka asubuhi akamkuta mbwa wake amekufa, ametupiwa nyama yenye sumu. Sumu hiyo haichagui. Leo itamwua mbwa, kesho kuku, na Mungu apishe mbali, kesho kutwa mtoto aokotaye vitu njiani.

Basi, je, iko njia ya kumfanya mbwa abweke panapohitajika na anyamaze pasipohitajika? Njia iko, wala haitaki fedha nyingi. Watu wengi hudhani kwamba dawa ni kumnunulia ukanda wa shingoni, na wengine husikia habari za kanda za umeme zinazouzwa siku hizi, ambazo husemekana humnyamazisha mbwa mara moja. Lakini ukanda ni chombo tu, kama jembe. Jembe halilimi lenyewe, wala ukanda haumfundishi mbwa. Amfundishaye mbwa ni mwenyewe.

KWANZA IJULIKANE SABABU

Mbwa habweki bure. Kubweka ni maneno yake, na atakaye kumnyamazisha lazima kwanza ajue anasema nini. Mbwa aliyeona mgeni mlangoni hubweka kwa haraka na kwa nguvu, masikio yamesimama, na hunyamaza mgeni akiisha kukaribishwa. Mbwa mwenye hofu hubweka huku akirudi nyuma, mkia ameukunja. Mbwa mwenye njaa au kiu hulalamika kwa sauti nyembamba. Mbwa jike akiwa katika siku zake za kutaka dume, madume ya mtaa mzima hukusanyika na usingizi ukatoweka.

Tena yuko mbwa mwenye upweke, na huyu ndiye asumbuaye mitaa mingi. Amefungwa kwa mnyororo mfupi tangu asubuhi hata jioni, jua likimchoma, hana la kutazama wala la kufanya. Mbwa ni mnyama wa kundi. Akiwekwa peke yake siku nzima hutafuta wenziwe kwa sauti. Hubweka kidogo, akasikiliza; mbwa wa nyumba ya tatu akamwitika, na wa nyumba ya saba naye akajibu, mpaka mtaa wote ukawa soko. Kumpiga mbwa huyo ni sawa na kumpiga mtoto alie kwa sababu ana njaa. Atanyamaza kwa dakika moja, na njaa iko pale pale.

Kwa hiyo kila mwenye mbwa na afanye uchunguzi wa siku saba. Aandike katika karatasi ni saa ngapi mbwa abweka, muda gani, na palikuwa na nini: mtu apitaye, paka, mbwa mwingine, au hapana kitu. Karatasi ikijaa, sababu itajionyesha. Ikiwa abweka kila watoto watokapo shule, basi ahamishwe upande wa nyuma saa hizo. Ikiwa abweka akiwa peke yake, basi atembezwe asubuhi kabla ya jua kali na jioni tena, apewe mfupa wa kujishughulisha, na afungwe mahali anapoweza kuwaona watu wa nyumbani. Jike na dume wakihasiwa na daktari wa mifugo, fujo za madume malangoni hukoma, wala hawaongezeki watoto wa mbwa wasiotakiwa ambao mwisho wao ni kuzurura majaani.

MBWA ALIYEFUNDISHWA KATIKA SHERIA YA DINI

Mashamba na mitaa ya pwani ina watu wa dini na desturi mbalimbali, na katika jambo la mbwa yafaa kila mmoja aijue haki ya mwenziwe. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Imamu Shafi. Katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kwa hiyo mtu aliyetawadha akaelekea msikitini, kisha mbwa wa jirani akamrukia na kumlamba kanzu, amepata taabu ya kweli. Akilalamika hakufanya chuki wala majivuno.

Lakini sheria hiyo hiyo imewaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mazao. Tena katika Kurani, Sura ya Al-Maida, aya ya 4, wametajwa wanyama wa kuwinda waliofundishwa na wanadamu, na mawindo yao yakahalalishwa. Wanazuoni wakaeleza alama za mbwa aliyefundishwa: akitumwa huenda, akikatazwa husimama, akikamata mnyama humshikia bwana wake wala hamli, na mambo hayo yawe yamerudiwa rudiwa hata ijulikane kwamba ndiyo tabia yake, si bahati ya siku moja.

Msomaji akizitazama alama hizo ataona kwamba ndizo wazitafutazo walimu wa mbwa hata leo. Wasasi wa pwani na wa Unguja, waliozoea kumwandama nguruwe mwitu kwa mbwa, walizijua zamani. Ndiyo maana wazee wakasema kwamba mbwa wa msasi mkali naye ni mkali. Yaani tabia ya mbwa hutoka kwa bwana wake. Aliyefundishwa na asiyefundishwa si mamoja, si mbele ya sheria wala mbele ya jirani.

UKANDA ULIO MWEMA

Ukanda wa shingoni una kazi tatu. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba mbwa huyu ana mwenyewe, si mbwa koko. Ya pili ni kubeba kibati chenye jina la mwenyewe na alama ya kwamba mbwa amechanjwa. Ya tatu ni kumpa mwenyewe mahali pa kushika na pa kufunga kamba wakati wa mafunzo.

Kuna mahali ukanda ulipewa kazi ya ajabu zaidi. Katika misitu ya Ituri, mashariki ya Kongo, wako mbwa wa kuwinda wa aina ya basenji, wadogo, wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni, ambao hawabweki kama mbwa wengine. Wawindaji wa huko huwavika shingoni kengele ya mti, ili wapate kujua mbwa wako wapi katikati ya majani mazito. Mbwa wa aina hiyo walionyeshwa London mwaka 1937, na watu wa Ulaya wakastaajabu. Basi Kongo ukanda humpa sauti mbwa asiye na sauti. Na pwani watu watafuta ukanda wa kumwondolea sauti mbwa mwenye nayo. Kila nchi na shida yake.

Ukanda mwema ni mpana kiasi cha kidole kimoja au viwili, wa ngozi au wa kitambaa kigumu kilichofumwa, na una bizimu la kukazia. Ukiisha kufungwa, vidole viwili vya mtu viweze kupita kati yake na shingo. Ukilegea zaidi, mbwa atauchomoa kichwani; ukikazwa zaidi, utamkaba. Usitumie waya, wala uzi wa nailoni wa kuvulia, wala kamba nyembamba ya katani, kwani vitu hivyo hukata ngozi na kuingia nyamani. Hatari kubwa ni kwa kitoto cha mbwa: hukua upesi, na ukanda uliomtosha mwezi uliopita waweza kumnyonga mwezi huu. Kila juma mwenyewe na apitishe vidole chini ya ukanda, atazame kama kuna kidonda, na awatoe kupe, kwa maana wapenda sana kujificha hapo. Na kwa kuwa chumvi ya bahari huozesha ngozi na kushikisha chuma kutu, ukanda wa mbwa aendaye ufuoni uoshwe kwa maji baridi na kuanikwa kivulini.

Mbwa lazima afungwe? Basi asifungwe kwa mnyororo mfupi kwenye mti. Iko njia bora, nayo ni rahisi: nyosha waya mnene kati ya miti miwili, pitisha pete katika waya, na kamba ya mbwa ifungwe katika pete hiyo. Mbwa ataweza kukimbia huko na huko bila ya kujiviringisha. Waya upite penye kivuli cha mwembe au mkorosho, maji yawe karibu, na ua uwe mbali, asije akauruka akaning'inia kwa shingo.

KUMFUNDISHA NENO "KIMYA"

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kitoto cha mbwa kisiondolewe kwa mamaye kabla ya wiki ya 8 hivi. Lakini hata kabla ya hapo, tangu wiki ya 3 mpaka ya 12 au 14, ndicho kipindi anachojifunza yaliyo ya kawaida duniani na yaliyo ya kuogopwa. Katika siku hizo na aonyeshwe watoto, wazee wenye bakora, wanawake wenye buibui, baiskeli, bodaboda, mbuzi na kuku. Asiyeyaona mambo hayo utotoni atayabwekea mpaka uzeeni. Na atakiwaye kuchunga mbuzi alelewe karibu na mbuzi, apate kuwahesabu kuwa ni watu wa nyumbani.

Somo la kunyamaza lafanywa hivi. Mbwa akianza kubweka, mwache abweke mara mbili tatu, kwani hiyo ndiyo kazi yake. Kisha mwendee, mwite jina lake, na kwa sauti ya kawaida sema, "Kimya." Papo hapo mwekee puani kipande cha samaki au cha nyama. Mbwa hawezi kunusa kwa makini na kubweka pamoja. Atanyamaza apate kunusa. Hesabu moja, mbili, tatu, ndipo umpe. Siku zifuatazo hesabu mpaka 5, mpaka 10, mpaka 30. Akibweka kabla hesabu haijatimia, usimpe kitu, anza tena. Baada ya siku nyingi atalielewa neno lenyewe, na chakula kitatolewa mara moja moja tu, lakini sifa apewe kila mara.

Katika mafunzo hayo yako mambo matano ya kushikwa.

Kwanza, watu wote wa nyumbani watumie neno moja. Baba akisema "Kimya," mama akisema "Nyamaza," na watoto wakisema "Wacha kelele," mbwa hatajua lipi ni lipi.

Pili, thawabu itolewe papo kwa papo. Ikichelewa, mbwa hataiunganisha na tendo lake.

Tatu, usimpigie kelele. Mbwa anayebweka akisikia bwana wake naye apiga makelele, hudhani kwamba amepata msaidizi, akazidi.

Nne, usimwite mbwa kisha ukampiga. Akiitwa mara moja akapigwa, mara ya pili hataitika, na siku atakapokuwa mbele ya gari au mbele ya mtoto wa watu, neno "Njoo" halitamfaa mtu.

Tano, masomo yawe mafupi, dakika 5 mara mbili au tatu kwa siku, na yaishe mbwa akiwa amefanya vyema.

Kwa njia hiyo hiyo hufundishwa maneno "Njoo," "Kaa," na "Acha." Kutembea na kamba nako hakuna siri. Mbwa akivuta, simama. Kamba ikilegea, endelea. Atatambua mwenyewe kwamba kuvuta kwamchelewesha. Mbwa aliyejua maneno manne haya amekwisha kupita mbwa wengi wa mjini.

ILIMU YA THAWABU

Huenda mtu akasema kwamba kumlisha mbwa samaki ili anyamaze ni kumdekeza. Lakini ilimu ya jambo hili imechunguzwa kwa muda mrefu. Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyeishi toka 1849 hata 1936, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia sauti fulani kabla ya kulishwa huanza kutokwa na mate akiisikia sauti hiyo tu, hata chakula kisipoonekana. Kumbe akili ya mnyama huunganisha mambo mawili yajayo pamoja. Mwalimu mwenye busara huchagua mambo gani yatakayokuja pamoja: utulivu na samaki, au mtu na fimbo.

Ushahidi ulio karibu zaidi uko Morogoro, Tanzania. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika liitwalo APOPO lawafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na pia kunusa makohozi ili kutambua ugonjwa wa kifua kikuu. Panya hao hawapigwi. Kila mmoja akifanya sawa husikia mlio mdogo wa "ka," kisha hupewa ndizi au karanga. Panya mmoja wa Morogoro, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia, na katika miaka yake ya kazi aligundua mabomu na baruti zaidi ya 100. Mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya Uingereza wapewayo wanyama mashujaa; naye alikufa mwaka 2022. Ikiwa panya aweza kufundishwa kazi ya kuokoa roho za watu kwa kipande cha ndizi, mbwa hatashindwa kujifunza kunyamaza kwa kichwa cha dagaa.

KANDA ZA UMEME

Sasa na yaangaliwe yale mazungumzo ya kanda za umeme. Ukanda huo una kisanduku kidogo kooni. Mbwa akibweka, kisanduku husikia mtikisiko wa koo lake kikampiga umeme. Nyingine hazitumii umeme bali hutikisika tu, au hurusha mvuke wenye harufu ya mchaichai ambayo mbwa wengi huichukia. Hizi mbili si kali kama ya umeme, lakini mbwa wengine huizoea harufu baada ya siku chache wakarudia kubweka.

Ubaya wa ukanda wa umeme si maumivu peke yake. Ubaya wake ni kwamba haujui sababu. Wampiga mbwa abwekaye kwa mwivi, na wampiga vile vile abwekaye kwa upweke. Tena mbwa hajui kwamba umeme umetokana na sauti yake. Huona tu kwamba kila mtoto wa jirani akipita, shingo yauma. Basi humchukia mtoto yule, na aliyekuwa akibweka tu sasa aanza kuuma. Mkulima naye apata hasara ya pili: mbwa aliyenyamazishwa kwa umeme hatamwamsha usiku nguruwe waingiapo mahindini.

Nchi ya Wales ilipiga marufuku kanda hizo mwaka 2010. Na mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walitangaza utafiti uliowalinganisha mbwa waliofundishwa kwa kanda za umeme na waliofundishwa kwa thawabu, katika somo la kuitika na kuacha kufukuza kondoo. Wale wa umeme walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi, na katika kujifunza hawakuwashinda wenzao. Mtu atanunua nini kwa maelfu ya shilingi ambacho kipande cha samaki chaweza kukifanya vizuri zaidi? Hapa Kenya iko pia Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo yamfanya mtu ampigaye mnyama kikatili au kumtesa kuwa mkosaji. Si halali kumfanyia mbwa lolote ati kwa kuwa ni mali ya mtu.

UFUONI NA MSITUNI

Adabu ya mbwa haiishii uani. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na katika fuo za huko kasa hupanda mchangani kutaga. Mayai yao hukaa ardhini muda wa miezi miwili hivi, na mbwa azururaye aweza kuyafukua yote kwa usiku mmoja. Ndege wa pwani nao hawapumziki penye mbwa wasiofungwa.

Kadhalika katika msitu wa Arabuko-Sokoke yuko mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, wa jamii ya sengi, asiyepatikana ila katika misitu ya pwani hii. Mbwa waingiao msituni humfukuza na kumwua. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na mbwa aingiaye msituni peke yake aweza kumtia bwana wake mashakani kana kwamba alimtuma. Wakaao Gede, Jilore na vijiji vingine vipakanavyo na msitu wawazoeze mbwa wao kuitika neno "Njoo," na usiku wawafunge.

SAUTI IKIBADILIKA

Liko jambo moja ambalo mwenye kuijua sauti ya mbwa wake atalitambua kabla ya watu wengine. Mbwa ambaye sauti yake imegeuka ghafula, ikawa nzito na ya kukwaruza, ateremshaye mate na kushindwa kumeza, aumaye miti na mawe, au aliyekuwa mkali akawa mpole kwa namna isiyo ya kawaida, huenda ana kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hulegeza misuli ya koo, na ndiyo maana sauti hubadilika. Huyo asiguswe, wala asichomolewe "mfupa" kinywani. Watoto waondolewe, na habari ipelekwe upesi kwa daktari wa mifugo.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja wa kando ya Nairobi, na hata leo hakijatoka. Mwaka 2014 serikali iliweka mpango wa kukiondoa kabisa kufikia mwaka 2030. Nguzo ya mpango huo ni chanjo: katika kila mbwa 100, wakichanjwa 70 kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Duniani, karibu watu wote wauawao na ugonjwa huu waliumwa na mbwa, na wengi wao ni watoto. Mbwa apelekwe kwa chanjo akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Hapa ukanda ndio waonyesha manufaa yake: mbwa asiye na ukanda wala asiyeshikika hawezi kuchanjwa, naye aliyefundishwa kusimama na kamba huchanjwa kwa dakika moja.

Mtu akiumwa, au akilambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate sindano. Asipake pilipili, wala majani, wala mafuta ya taa. Asingoje aone kama atapatwa na ugonjwa, kwa kuwa dalili zake zikiisha kuonekana kwa mwanadamu hapana dawa. Mbwa aliyeuma, akiweza kufungwa pasipo hatari, atazamwe siku 10. Lakini mgonjwa asingojee siku hizo kwisha ndipo atafute tiba.

UJIRANI MWEMA

Mwenye mbwa abwekaye na amwendee jirani kabla jirani hajamjia. Amwambie kwamba amekwisha kuanza kumfundisha, na kwamba kazi hiyo yataka majuma kadha. Amwulize ni saa zipi zinazomuudhi zaidi. Jirani naye, badala ya kushika jiwe au sumu, na aseme saa na siku, kwa maana habari hiyo ndiyo ile itakiwayo katika karatasi ya uchunguzi. Watoto wa pande zote mbili waambiwe wasimrushie mbwa mawe wala wasimchokoze akila. Kwani mbwa hufundishwa na kila mtu apitaye, awe amekusudia au hakukusudia.

Mbwa mwenye ukanda uliomkaa vyema, mwenye chanjo, aitikaye akiitwa na anyamazaye akiambiwa, hulinda mahindi ya bwana wake na usingizi wa jirani kwa wakati mmoja. Gharama yake yote ni ukanda mmoja, vichwa vichache vya samaki, na robo saa ya subira kila siku. Asiye na robo saa hiyo, afadhali asifuge mbwa.